Lusia Harris: kipaji kilichokosa ligi

Wiki iliyopita mzee mmoja alinisimamisha kituo cha daladala. Akasema: "Ndugu mtangazaji, ninyi huko redioni mnawasifu sana wasichana wanamichezo. Binti yangu anacheza mpira wa kikapu shuleni, na anacheza vizuri. Je, akimaliza shule, mpira huo utampa ugali?" Daladala ikaja, tukaachana kabla sijampa jibu la maana. Wasikilizaji wapenzi, leo nataka kumjibu mzee wangu huyo kwa habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyeitwa Lusia Harris.

Harris alizaliwa Februari 10, 1955, Minter City, katika jimbo la Mississippi. Wazazi wake walikuwa wakulima, na watoto nao walivuna pamba. Kaka zake walicheza kikapu nyumbani, naye akacheza nao. Usiku alijifunika shuka pamoja na televisheni, ili mama asijue kuwa bado yuko macho akitazama wanaume wakicheza. Shuleni wenzake walimtania kwa urefu wake, kwani alifikia futi 6 na inchi 3. Uwanjani, urefu huohuo ukawa mali.

Hapa inatupasa tueleze jambo moja. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwafikiria wasichana hata katika michezo. Chuo cha Delta State, hukohuko Mississippi, kilikuwa kimeivunja timu yake ya wanawake tangu miaka ya 1930, kwa madai kwamba mchezo huo ni mzito mno kwa mwanamke. Miongoni mwa wasichana waliovunjiwa timu alikuwamo Margaret Wade. Mwaka 1973 chuo kilipoirudisha timu, mama huyohuyo ndiye aliyeitwa kuwa kocha, na Harris akajiunga naye. Alikuwa mchezaji pekee mweusi katika timu, tena katika jimbo ambalo miaka michache tu kabla ya hapo watu walipoteza maisha wakidai haki ya kupiga kura.

Msimu wa 1975 Delta State walicheza mechi 28 na kushinda zote. Katika fainali waliwafunga Immaculata, waliokuwa mabingwa mara tatu mfululizo, pointi 90 kwa 81. Harris peke yake alifunga 32 na kudaka mipira 16 iliyorudi kutoka kwenye ubao. Wakachukua ubingwa tena 1976, na tena 1977. Hadi anamaliza chuo alikuwa amefunga pointi 2,981.

Mwaka 1976 ndipo kikapu cha wanawake kilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Montreal. Wazee wetu wanaikumbuka Olimpiki hiyo kwa sababu nyingine. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziliisusia kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wetu akabaki nyumbani. Basi, wakati Waafrika wakiwa wamesusa, binti mweusi kutoka mashamba ya pamba alifunga pointi za kwanza kabisa katika historia ya kikapu cha wanawake cha Olimpiki. Marekani walipata medali ya fedha, nyuma ya Umoja wa Kisovieti uliokuwa na Uljana Semjonova, mwanamke aliyezidi mita mbili.

Sasa njooni mwaka 1977. Harris ana miaka 22, ni bingwa wa vyuo mara tatu na ana medali ya Olimpiki. Mwanamume wa sifa kama hizo angegombewa na timu za kulipwa. Yeye hakuwa na ligi ya kwenda, kwa sababu ligi ya kulipwa ya wanawake haikuwapo Marekani. Timu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akiwa wa 137, lakini hakwenda hata kwenye majaribio. Alikuwa ameolewa na ni mjamzito. Tena hakuamini kwamba angeweza kushindana na wanaume wale. Baadaye alisema hakujutia uamuzi huo.

Ligi ya wanawake ilikuja kuanzishwa 1978. Harris aliichezea Houston Angels msimu wa 1979/80. Ligi yenyewe ilikosa fedha, na 1981 ikafa. Akarudi kwenye ualimu na ukocha, akalea watoto wake wanne, huku akisumbuliwa na maradhi ya akili ambayo mwenyewe aliyazungumza waziwazi. Mwaka 1992 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Kikapu, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. WNBA, ligi ya wanawake iliyodumu, ilianza kuchezwa 1997. Wakati huo yeye alikuwa na miaka 42. Alifariki Januari 18, 2022. Miezi miwili baadaye filamu fupi inayosimulia maisha yake ilipata tuzo ya Oscar.

Mzee wangu wa kituoni, jibu langu ni hili. Binti huyu hakupungukiwa kitu. Alikuwa na kipaji, bidii, kocha mzuri na chuo. Kilichokosekana ni mahali pa kwenda baada ya chuo, na hilo halikuwa kosa lake. Sheria ya 1972 ilimfungulia mlango wa kwanza. Mlango wa pili ulikuwa haujajengwa.

Kwa hiyo swali la ugali tusimwulize binti. Tuwaulize viongozi wa vyama vya michezo, wenye makampuni wanaotafuta mahali pa kutangaza bidhaa zao, na sisi wenyewe tunaojaza viwanja wanaume wakicheza na kuviacha vitupu wanawake wakicheza. Kila mwaka tunawapigia makofi wasichana wa UMISSETA. Makofi hayo yana thamani gani kama msichana akishavua jezi ya shule hana nyingine ya kuvaa?

Na binti naye asiache shule. Harris alipoishiwa na ligi, alishika chaki akafundisha, na chaki hiyo aliipata kwa sababu alisoma.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.