Hajui kupiga chombo? Mchukue hivyo hivyo

Unaunda bendi lakini rafiki yako hajui kupiga chombo chochote? Usimfukuze bado. Sikia kisa cha This Heat, bendi ya roki ya watu watatu.

Ilianza London mwaka 1976. Charles Hayward wa ngoma na Charles Bullen wa gitaa walikuwa wameiva. Wa tatu, Gareth Williams, hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Lakini alikuwa na sikio, na kwa kuwa hakujua sheria za kinanda, hakuziogopa.

Studio je? Chumba cha zamani cha kuhifadhia nyama kule Brixton, wakakiita Cold Storage. Walipiga bila kupanga chochote, kanda ikinasa kila kitu. Baadaye walichagua vipande vilivyowasisimua, wakavikata na kuviunganisha hadi vikawa nyimbo. Kazi unayofanya leo kwa programu ya simu, wao waliifanya kwa mikanda.

Mwaka 1977 walimtumia John Peel wa redio ya BBC kanda yao, akawaita kurekodi. Albamu ya kwanza ilitoka 1979, kisha Deceit, iliyojaa hofu ya vita vya nyuklia, 1981. Williams akaenda India kusomea densi ya kathakali, na 1982 bendi ikavunjika. Alifariki 2001.

Sasa ni zamu yenu. Washeni rekoda ya simu, pigeni dakika 10 bila mpango, halafu sikilizeni. Kuna mahali mtaangaliana na kucheka. Anzieni hapo.