Mtani msibani na siri ya kicheko

Katika misiba mingi ya Tanzania, hasa vijijini, kuna mtu mmoja asiyelia. Amevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na ubahili wake, anadai pesa kabla ya jeneza kushushwa, na pengine anaingia mwenyewe kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Huyo ni mtani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Mgeni anaweza kuona ni utovu wa adabu. Lakini wafiwa, ambao pengine hawajala wala kulala tangu jana, hujikuta wakicheka huku machozi bado yanawatoka.

Wanasayansi sasa wanaweza kueleza sehemu ya kinachotokea mwilini mwao wakati huo. Mtu akiangua kicheko cha kweli, misuli ya mbavu na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hujikaza mfululizo na kusukuma hewa nje bila kumpa nafasi ya kuvuta nyingine. Ndiyo maana mbavu huuma. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walihisi kuwa ni suluba hiyo inayouchochea ubongo kutoa endofini, kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe na zinazofanya kazi kwa njia moja na mofini ya hospitali. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011 waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawapima uvumilivu: wengine walivishwa mkononi kifuko chenye ubaridi wa barafu, wengine walifungwa mpira wa kupimia presha ukajazwa upepo mpaka waseme basi. Waliocheka walivumilia zaidi kuliko waliotazama vipindi vya kawaida. Kufurahi kimoyomoyo tu hakukutosha. Ilibidi mtu acheke.

Endofini zenyewe hazikupimwa hapo. Wafini ndio waliozisogelea zaidi, mwaka 2017, katika mji wa Turku. Wanaume 12 walitazama vichekesho kwa nusu saa pamoja na marafiki zao, kisha wakapigwa picha za ubongo kwa mashine inayoonyesha kemikali za namna hiyo zinapofanya kazi. Zilikuwa zimeongezeka kuliko siku waliyokaa peke yao.

Neno la kushika hapo ni marafiki. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakicheka madukani na mitaani, aligundua kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake bila hata televisheni. Tena vicheko vingi havikufuata kichekesho chochote. Vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya “haya, tutaonana” au “wewe nawe!”. Dunbar ana maelezo yake. Nyani hujenga urafiki kwa kutoana chawa, na mguso huo huamsha endofini, ila mkono humfikia mwenzio mmoja tu kwa wakati. Kicheko huwafikia kadhaa kwa mpigo bila kumgusa yeyote. Mtani aliyesimama mbele ya turubai la msiba anaifanya kazi hiyo bila kuhitaji maabara, na kwa maoni yangu anaifanya vizuri kuliko simu inayotazamwa chumbani na mtu mmoja.

Kuhusu moyo, utafiti unaotajwa sana ni wa Michael Miller wa Chuo Kikuu cha Maryland, wa mwaka 2005. Watu 20 walipotazama filamu ya kuchekesha, mishipa yao ya damu ilitanuka vizuri zaidi. Walipotazama mapigano ya kutisha, ilibana. Inatia moyo, ingawa watu 20 ni wachache, na mshipa uliotanuka kwa muda si kinga ya shambulio la moyo. Dawa ya presha iendelee kumezwa. Na anayetaka kupunguza kitambi kwa vichekesho atasubiri sana: dakika 10 hadi 15 za kucheka huunguza kalori kati ya 10 na 40, ambazo hazifikii hata andazi moja.

Isitoshe, si kila kicheko ni dalili ya afya. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hali hiyo ikaenea kwa wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ilifungwa Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na katika kijiji cha Nshamba watu 217 wakapatwa. Walicheka, wakalia, wakahangaika, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu wasipate. Wengi waliolichunguza tukio hilo baadaye wanaona ulikuwa msongo wa mawazo uliopata mlango wa kutokea kwa kundi zima. Hakuna aliyekufa, lakini hakuna pia aliyekuwa akifurahi.

Hata kicheko cha furaha kina watu wa kukipokea kwa tahadhari. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa kucheka, hivyo dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mwenye ngiri, au aliyetoka kupasuliwa tumbo, ashikilie mto juu ya ngiri au kidonda kama anavyofanya akitaka kukohoa, na wanaokuja kumwona wodini wapunguze mizaha hadi nyuzi zitolewe.