Tezi ya shingoni: kinga iko kwenye chumvi, si kwenye unga wa majani

Unga wa mlonge na dawa nyingine za majani hunadiwa kuwa hulinda tezi za homoni zisidhuriwe na viungo vya dukani. Madai hayo yana chimbuko la kisayansi. Lakini kwa familia ya Kagerankanda, Kasulu, ambako muhogo ni chakula, tezi ya shingoni ina adui mwingine.

Panya na kikolezo

Mwaka 1969 mtafiti Mmarekani John Olney aliwadunga panya wachanga glutameti, kikolezo cha ladha kinachotiwa kwenye viungo vingi vya mchuzi. Sehemu ya ubongo inayoongoza tezi iliharibika, na panya walipokua wakanenepa kupita kiasi. Dozi zake zilifika gramu 4 kwa kila kilo ya uzito. Kikomo kilichowekwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2017 ni miligramu 30 kwa kilo kwa siku, yaani gramu 1.8 kwa mtu wa kilo 60.

Baadaye maabara, zikiwemo za Nigeria na Misri, ziliwapa panya glutameti pamoja na dondoo za mimea, na baadhi zikaona madhara yamepungua. Hayo ni matokeo ya panya, kwa dozi zilizopimwa. Hayathibitishi kwamba kijiko cha unga wa sokoni kinamkinga binadamu.

Muhogo na goita

Muhogo, hasa mchungu, una sumu ya sianidi. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, ambayo huzuia madini joto yasiingie kwenye tezi. Yakipungua, tezi huvimba: ndiyo goita.

Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, François Delange na wenzake walikuta miaka ya 1960 kwamba madini joto yalikuwa haba kote, lakini goita ilienea kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye muhogo.

Kwa hiyo hapa mmea ndio unaoweza kudhuru, na kinachookoa ni kiongezwa cha kiwandani. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya pwani, huhitaji kutiwa madini joto, na kanuni za Tanzania za miaka ya 1990 ziliwabana wazalishaji wafanye hivyo. Goita kwa wanafunzi nchini ilishuka kutoka takriban asilimia 25 miaka ya 1980 hadi 7 mwaka 2004.

La kufanya

Menya muhogo mchungu, uloweke siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha uanike ukauke vizuri. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Mjamzito ahakikishe haikosi, kwa sababu upungufu hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Mwenye uvimbe shingoni aende kituo cha afya. Kunywa majani kunamchelewesha tu.