Kota na Kartie: Neno Moja la Kilatini katika Njia Mbili za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Kasungami, pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, anapojaza fomu huandika anwani yake kwa ufupisho: jina la barabara na namba ya nyumba, kisha "Q/Kasungami", na mwisho "C/Annexe". Herufi Q husimama badala ya neno la Kifaransa "quartier", ambalo wasemaji wa Kiswahili wa jiji hilo hulitamka kartie. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa upesi kwamba kinachotajwa ni mtaa. Pengine hatang'amua kwamba neno lenye asili hiyohiyo limo pia katika Kiswahili chake, kwa umbo la kota na kwa maana iliyo mbali na ile ya Lubumbashi.

Makala haya yanafuatilia njia mbili zilizoliingiza neno hilo katika Kiswahili. Hoja yake ni kwamba neno la mkopo halisafiri na maana yake yote ya asili. Hubeba ile tu inayohitajiwa na taasisi iliyolileta.

2.0 Asili na matawi yake ya Ulaya

Katika Kilatini, "quartus" ni -a nne, na "quartarius" ni sehemu ya nne, hususan robo ya kipimo cha ujazo. Lugha za Ulaya zilizorithi au kukopa neno hili zimeligawana kwa namna tofauti.

Katika miji ya Italia idadi ilikuwa na maana halisi. Firenze iligawanywa katika "quartieri" nne mwaka 1343, ilhali Venezia ina sehemu sita ziitwazo "sestieri", na Siena ina tatu ziitwazo "terzi". Baadaye "quartiere" likawa eneo lolote la mji, bila kujali hesabu. Kifaransa kimepita njia hiyohiyo. Hata hivyo, tangu mwaka 1860 Paris ina wilaya 20, na kila moja ina "quartiers" nne, jumla 80. Hapo nne ya Kilatini ingali inaonekana.

Katika Kihispania, "cuartel" ni kambi ya askari na "cuarto" ni chumba. Kwa mtaa hutumika "barrio", neno lenye asili ya Kiarabu. Kijerumani cha Ujerumani hulitumia "Quartier" zaidi kwa mahali pa kulala, na mtaa huuita "Viertel", neno lao wenyewe lenye maana ya robo. Lakini Waswisi wasemao Kijerumani huuita mtaa "Quartier". Kwa Waholanzi, "kwartier" ni dakika kumi na tano. Kwa Warusi, "kvartal" ni kitalu cha nyumba mjini au miezi mitatu, na "kvartira" ni makazi ya familia ndani ya jengo la ghorofa. Kwa Mmarekani, "quarter" ni sarafu ya senti 25.

Maana hizi zote zaweza kupangwa katika makundi matatu: kipimo, eneo la mji, na mahali pa kulala. Kiswahili kimechukua makundi mawili ya mwisho, kila moja kwa mlango wake.

3.0 Kota: mlango wa Kiingereza

Kundi la kwanza halikuwa na nafasi katika Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu kilikwisha kutoa neno robo. Ndiyo maana husemwa saa mbili na robo, robo ya mwaka, hata robo fainali. Kilichobaki kukopwa ni umbo la wingi la Kiingereza, "quarters", lenye maana ya makazi waliyopangiwa watumishi. Katika utohozi wake sauti w ilidondoshwa, alama ya wingi ikaachwa, na neno likamalizika kwa irabu: kota.

Kota za reli, za polisi au za hospitali si mtaa wowote tu. Ni nyumba za mwajiri. Anayekaa kota hukaa kwa sababu ya kazi yake, na akihamishwa au akistaafu hutarajiwa kuzirudisha funguo.

4.0 Kartie: mlango wa Kifaransa

Lubumbashi, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ilipata istilahi zake za utawala kutoka Kifaransa. Mwaka 1957 mfumo wa "communes" uliingizwa katika miji mikubwa ya koloni. Leo jiji lina "communes" saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Hii ya mwisho inayazunguka maeneo mengine, na ndiyo yenye Kasungami. Chini ya "commune" ndipo hupatikana kartie.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Lubumbashi nayo ilikuwa na nyumba za mwajiri, tena nyingi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi wake makazi. Lakini makazi hayo hayakuitwa kwa neno litokanalo na "quartus". Yaliitwa "camp", neno litokanalo na Kilatini "campus", yaani uwanja. Hivyo kile ambacho Dar es Salaam hukiita kota, Lubumbashi hukiita kambi. Na kile ambacho Lubumbashi hukiita kartie, Dar es Salaam hukiita mtaa.

5.0 Athari katika tafsiri

Mfasiri atakayedanganywa na undugu wa maneno haya, akaandika "kota ya Kasungami", atakuwa amewageuza watu waliojenga au kupanga nyumba zao kuwa wapangaji wa mwajiri. Hilo ni kosa la haki ya kukaa, si la msamiati peke yake.

Hata neno mtaa lahitaji tahadhari. Nchini Tanzania mtaa una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiongozi wa kartie huteuliwa na mamlaka ya juu, na kisheria kartie si nafsi inayojitegemea kama ilivyo "commune". Katika habari na mazungumzo, mtaa latosha. Katika sheria, hati za ardhi na uchaguzi, ni salama zaidi kulibakiza kartie na kulifafanua.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hati zitakazovuka mpaka kwa Kiswahili zitaongezeka. Kamusi zitakazowafaa wasomaji wa pande zote mbili zapaswa kuyaorodhesha kota na kartie kama vidahizo viwili, kila kimoja na eneo lake la matumizi. Asili yao moja itajwe katika etimolojia, isichukuliwe kuwa ithibati ya maana moja.