Mabingwa wa Maneno, Kuanzia Ngenge

Neno refu kuliko yote katika kamusi kubwa za Kiingereza lina herufi 45: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini. Alilitunga Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo Marekani, mwaka 1935, na alilitunga kusudi liwe refu. Taji la namna hiyo halinivutii. Neno lipimwe kwa mzigo linaobeba vinywani mwa watu.

Kwa kipimo hicho bingwa yuko Kagera. Mzee wa Ngenge, kule Muleba, akisimulia habari za kitabu alichopewa fulani, neno moja linamtosha: akakimuha. Herufi tisa tu. A ni mtoaji, ka ni wakati wa zamani, ki ni kitabu, mu ni mpewaji, ha ndiyo kupa. Kiswahili kinakaribia kwa alimpa, lakini kitabu kimebaki nje, kwa kuwa kitenzi chetu hupokea ndani yake kiambishi cha mtendwa mmoja tu. Hakuna asemaye "alikimpa". Kihaya, lugha ya mzee huyo, huwapokea zaidi ya mmoja bila taabu, na sifa hiyo imekipa nafasi ya heshima katika isimu ya Kibantu tangu sarufi ya Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman ilipotoka Los Angeles mwaka 1977.

Rekodi ya pili inabaki huko huko. Ukisema "tulifunga" kwa Kiswahili, hujasema lini. Mhaya lazima achague: twaakoma ikiwa ni leo, tukomile ikiwa ni jana, tukakoma ikiwa ni kabla ya jana. Bernard Comrie aliitaja mifano hii mwaka 1985 katika kitabu chake kuhusu njeo za lugha za dunia. Kwa hiyo aliyesema akakimuha ameshakuambia pia kwamba kitabu hakikutolewa jana.

Kwa udogo, Kiswahili hakina haja ya kuona haya. Katika nipe, toa ni, toa e, mzizi uliobaki ni p peke yake. Mizizi ya kula, kufa na kunywa ni midogo vivyo hivyo, hata tunaiongezea ku ili isimame: anakula, wala si "anala".

Na lililokatwa vipande vingi? Kisotho cha Kaskazini huandika ke a mo rata, maneno manne. Jirani yake Kizulu huandika ngiyamthanda, moja. Wote wamesema ninampenda. Hapo mwenye kuhesabu nafasi kati ya maneno amehesabu desturi za uandishi, hajahesabu lugha.

Akakimuha ndilo mshindi wangu. Msomaji wa Bukoba au Muleba anayejua kitenzi cha nyumbani kilichobeba watendwa watatu, akiandike leo pamoja na sentensi yake nzima, wazee wangalipo wa kukithibitisha.