Simba wa Charlie Hakuwa na Mbio Hizi

Ukiicheza Circus Charlie kwenye simu leo, kitakachokushtua kwanza ni mbio za simba. Duara la kwanza la moto linafika hujajipanga, la pili linakukuta hewani, na chungu kinachofuata kinakumaliza. Watu wa rika langu waliokulia Bondeni, mjini Nakuru, hujaribu mara kadhaa, kisha huiweka simu chini na kusema wamezeeka, vidole vimekuwa vizito. Nimeandika makala hii kuwatetea. Gemu waliyoicheza utotoni ilikuwa na mwendo mwingine kabisa, na tofauti hiyo ina hesabu yake.

Kwa wasioijua, Circus Charlie ilitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1984, kwenye zile mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu. Mwaka 1986 kampuni ya Soft Pro ikatoa toleo la Famicom, mashine ya nyumbani ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani Julai 1983. Wewe ndiwe Charlie, mchekeshaji wa sarakasi. Kwanza umepanda simba mbele ya watazamaji, unaruka maduara ya moto na vyungu vinavyowaka. Halafu unatembea juu ya kamba huku tumbili wakikujia. Kuna mipira mikubwa ya kurukia, kuna farasi, kuna bembea za juu. Hakuna adui wa kupigwa, hakuna bunduki, hakuna binti mfalme wa kuokolewa. Chini kuna vibao vya mita vinavyokuonyesha umebakisha masafa gani, na juu bonasi inazidi kupungua kadiri unavyosita. Kazi yote ni kujua wakati wa kuruka. Mimi bado naiona kuwa mojawapo ya gemu za kurukaruka zilizofikiriwa vizuri zaidi, kwa sababu imechukua kitendo kimoja ikakigeuza mara tano bila kuongeza kitufe.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Toleo hilo la Famicom halikuuzwa rasmi Marekani wala Ulaya. Mtoto wa Chicago mwenye Nintendo halali sebuleni alimjua Mario, lakini Charlie labda angemkuta kwenye mashine ya sarafu. Mtoto wa Bondeni, Kivumbini au Flamingo alimjua Charlie vizuri, kwa kuwa mashine iliyofika Nakuru haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa nakala ya Famicom iliyoundwa Taiwan au China. Nakala hizo zilifuata mashine ya Kijapani hata kwenye tundu la kaseti, lenye miguso 60, badala ya ile ya Kimarekani yenye 72. Zikasoma kaseti za mtindo wa Kijapani, na hivyo tukarithi gemu za Kijapani. Konami na Soft Pro hawakupata chochote kutokana na furaha yetu, na ni haki hilo lisemwe waziwazi.

Turudi kwa simba. Gemu za wakati ule hazikuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Zilihesabu picha. Kila runinga ilipomaliza kuchora picha moja, mashine ilipata ishara, na hapo ndipo simba aliposogezwa hatua, duara likasogezwa, noti ya muziki ikaangaliwa kama muda wake umekwisha. Runinga za Japani huchora picha 60 kwa sekunde. Kenya ilifuata mfumo wa PAL, wa picha 50 kwa sekunde. Programu ni ileile, hatua ni zilezile, ila zinapigwa mara 50 mahali palipokusudiwa 60. Mruko uliochukua sekunde moja kwa mtoto wa Osaka ulichukua sekunde 1.2 kwa mtoto wa Nakuru. Katika gemu ambayo kila kitu ni kujua wakati wa kuruka, hiyo sehemu ya tano ya sekunde ni nafasi kubwa. Ndani yake unaona duara, unaamua, unabonyeza. Simu yako leo inacheza toleo la Kijapani kwa mwendo wa Kijapani, na imekunyang'anya nafasi hiyo.

Wahandisi wa nakala walikuwa werevu kuliko sifa wanazopewa. Nintendo ilipoipeleka mashine yake Ulaya, kwenye nchi za PAL, ilipunguza pia kasi ya chipu kuu, kutoka takriban megahezi 1.79 hadi 1.66. Gemu ambayo haikurekebishwa ilisikika nzito: muziki ulikwenda polepole na sauti ikashuka. Chipu zilizotengenezwa na kampuni ya UMC ya Taiwan kwa nakala za PAL zilifanya vingine. Kasi iliachwa karibu palepale, megahezi 1.77, na mistari mitupu ikaongezwa chini ya kila picha ili runinga ya PAL iridhike: mistari 312 badala ya 262. Mistari hiyo haionyeshi kitu. Ni kungoja tu. Matokeo yake, gemu za Japani zilikubali bila kuvurugika, sauti zikabaki karibu na zilivyotungwa, ila mwendo ukapungua. Wimbo unaopigwa simba anapokimbia ni American Patrol, machi iliyotungwa na F. W. Meacham mwaka 1885. Ukiusikia kwenye simu na kuhisi kwamba mtu ameuharakisha, sikio lako linakumbuka sawasawa.

Si nyumba zote zilizokuwa hivyo. Mashine za picha 60 nazo ziliingia, na zilipochomekwa picha ilikuwa ikipanda juu bila kutulia. Kwenye seti nyingi za zamani kulikuwa na kinobu nyuma cha kuituliza. Aliyekijua alikizungusha taratibu mpaka picha ikashika, na kuanzia hapo akacheza kwa mwendo kamili. Kwa hiyo mtaa mmoja ungeweza kuwa na simba wawili, na ubishi wa watoto kuhusu nani anacheza gemu ngumu ulikuwa na msingi.

Rangi ni habari nyingine. Runinga nyingi za nyumba za kawaida enzi hizo zilikuwa Great Wall za inchi 14, nyeusi na nyeupe. Mawimbi ya PAL hubeba mwangaza na rangi kwa njia mbili zilizofungamana; seti isiyo na rangi huchukua mwangaza na kuiacha rangi ipite. Kwenye hatua ya kamba wako tumbili wa kahawia wanaojikokota, na yupo wa samawati anayekuja mbio akiwaruka wenzake. Aliyekuwa na seti ya rangi alimtambua tangu pembeni mwa kioo. Sisi wa Great Wall tulimtambua kwa miguu yake. Ukikutana na mtu wa Bondeni anayeruka sawasawa kabla hata hujaiona rangi ya tumbili, huko ndiko alikojifunzia.

Kaseti nazo zinastahili kufunguliwa. Ninayo moja mezani, ya plastiki ya manjano, karatasi yake imebanduka nusu na inaahidi gemu 9,999. Ndani hakuna chipu ya mraba yenye miguu kama ungetarajia. Kuna kibao chembamba cha kijani, miguso 30 upande huu na 30 upande ule, na katikati tone la gundi nyeusi lililokauka likang'aa. Chipu iko chini ya tone hilo, imeunganishwa moja kwa moja kwenye kibao ili kupunguza gharama. Gemu za kweli humo ni chache. Menyu inazirudia kwa majina mengine, au inakuanzishia hatua ya mbele. Sababu ya Charlie kuwemo ni ukubwa wake. Gemu nzima, pamoja na simba, tumbili, farasi na muziki, ni kilobaiti 24. Picha moja ya WhatsApp huipita kwa mbali. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni kilobaiti 40. Gemu ndogo za miaka ya mwanzo ndizo zilizoenea kwenye kaseti ya bei nafuu, na hivyo uchumi wa chipu ukatuchagulia utoto wetu.

Hakukuwa na njia ya kuhifadhi ulipofika. Mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na stima ikawa ya zamu nchini, Charlie alikufa mara nyingi kwa sababu zisizomhusu. Great Wall iliweza kutumia betri ya gari ya volti 12, na fundi mzuri aliweza kuifanya na mashine ya gemu itumie betri hiyohiyo, maana ndani yake mlikuwa na kifaa cha kushusha umeme hadi volti 5. Kilipata moto sana, lakini kilifanya kazi.

Ukitaka kumrudia simba uliyemjua, inawezekana. Programu za uigaji kama Mesen na FCEUX zina sehemu ya kuchagua eneo: NTSC (ule mfumo wa Japani wa picha 60), PAL na Dendy. Dendy lilikuwa jina la nakala iliyouzwa sana Urusi kuanzia mwaka 1992, na mpangilio huo unafuata chipu za aina niliyoeleza, zenye mistari 312 na picha 50. Uchague huo. Ukiunganisha kwenye runinga bapa, iweke kwenye hali ya gemu, kwa sababu runinga hizi huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo ni duara moja la moto. Na kama bado unayo mashine yenyewe na seti ya zamani, kuzimwa kwa mitambo ya analogi mwaka 2015 hakukuhusu: mashine ina kirushamawimbi chake kidogo, na kupitia waya wa antena seti itaiona kama stesheni nyingine.

Naomba jambo moja kwa mliohifadhi kaseti uvunguni au darini. Msizipulize. Pumzi ina unyevu, na unyevu huila miguso polepole; kilichosaidia utotoni ilikuwa kuichomoa na kuichomeka tena. Chukua pamba ya masikio na spiriti, sugua miguso pande zote mbili, iache ikauke. Kisha iandike nyuma kwa kalamu: mtaa ilikochezwa, na mwaka unaoukumbuka. Yaliyomo kwenye chipu hizi yanaweza kusomwa na kunakiliwa kwa kifaa kidogo kinachounganishwa na kompyuta, na menyu za kaseti hizi zilitofautiana kiasi kwamba yako huenda haijawahi kunakiliwa na mtu. Usiitupe kabla haijasomwa.