Mulamba, kanali wa Kisangani aliyepewa kiti kisha akanyang'anywa

Kule Yanonge, karibu kilometa 60 chini ya Kisangani, kwenye mkono wa kushoto wa mto, si rahisi kupata nyumba isiyo na mtoto aliyekwenda kuchimba. Wengine wako karibu kidogo, upande wa Bafwasende ao Banalia. Wengine wamefika hadi Ituri, Mambasa na Mongbwalu, kufuata dhahabu. Na hao wa Ituri wanapopiga simu nyumbani, kuna neno moja katika habari zao ambalo sisi wa Tshopo hatuna: gavana wao ni jenerali. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, état de siège ilipoanza, jimbo lile liliwekwa mikononi mwa luteni-jenerali Johnny Luboya Nkashama, makamu wake akawa mtu wa polisi, na raia akikosa anaweza kujikuta mbele ya tribinali ya kijeshi.

Ndiyo maana swali linarudi kila mara kwenye bandari ya Yanonge, wakati mama wanangoja mtumbwi wa mota: askari akivuliwa buti na kupewa ofisi, anakuwa raia ao anabaki askari? Tumeona vema kujibu kwa maisha ya mtu mmoja. Vijana wengi hawamjui, lakini wazee wa Boyoma hawajamsahau: Léonard Mulamba.

Mulamba alikuwa mtu wa Kasai, aliyezaliwa mwaka wa 1928. Aliingia Force Publique, jeshi la Wabelgiji. Katika jeshi lile Mweusi aliweza kupanda, lakini si juu sana. Ngazi ya mwisho ilikuwa ajida. Juu yake wote walikuwa Wazungu, mpaka uhuru wenyewe. Tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka wa 1960, uhuru ukiwa na siku tano tu, jenerali Janssens aliwaandikia askari wake kwenye ubao kwamba mambo yatabaki vilevile kama mbele ya uhuru. Basi, ubao ule ulichoma jeshi zima. Askari wakaasi, maofisa Wazungu wakakimbia ao wakafukuzwa, na katika majuma machache waajida na wasajenti wakawa wakomanda, wakanali, hata wajenerali. Mobutu alitoka humo. Mulamba vilevile. Tunalitaja hili kwa sababu watu wanapenda kusema ati maofisa wale wa kwanza walikuwa wamefundishwa siasa. Hapana. Walifundishwa kupiga saluti, na inchi ikawaangukia mikononi.

Jina la Mulamba lilitoka Bukavu. Mwezi wa 8 mwaka wa 1964, Wasimba walikuwa wamekwisha kuitwaa Stanleyville, yaani Kisangani yetu, na jeshi la serikali lilikuwa likikimbia kila mahali. Askari waliacha silaha njiani waliposikia tu kwamba Wasimba wanakuja na dawa yao ya maji, ile ya "Mai Mulele". Jenerali wao Olenga akashuka hadi Bukavu. Pale akamkuta kanali Mulamba, ambaye hakukimbia. Walipigana ndani ya mji wenyewe, siku ya 19 na ya 20, ndege za Waamerika zikisaidia kutoka juu, rubani wengine wakiwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Wasimba wakarudi nyuma. Ilikuwa moja ya mara za kwanza mwaka ule jeshi la Congo kusimama mahali na kubaki pale. Toka siku ile watu wakamwita shujaa wa Bukavu, na jina lile likamtangulia kila alikokwenda.

Kisha ikawa zamu ya Stanleyville. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 1964 askari wa parashuti wa Ubelgiji waliruka asubuhi juu ya uwanja wa ndege, na siku ileile kundi la kanali Vandewalle likaingia kwa njia ya barabara, pamoja na mamluki, wale tuliowaita mersenere. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana juu ya Wazungu waliotekwa na waliouawa. Juu ya watu weusi waliouawa mbele na nyuma ya siku ile, yaliandika kidogo. Wasimba waliua watu wa ofisi, walimu, makarani, mtu yeyote aliyejua kusoma na aliyekuwa na adui. Jeshi liliporudi, nalo likaua wale waliodhaniwa kuwa Wasimba, na kudhaniwa kulikuwa jambo rahisi. Watu wa kando ya mto waliingia porini na watoto, na wengine hawakutoka kwa miezi mingi.

Mji ule wenye madonda ndio aliopewa Mulamba. Aliwekwa kuwa mkubwa wa kijeshi wa sehemu za mashariki, na ofisi yake Stanleyville. Kwa jina alikuwa komanda, lakini kwa kazi alikuwa gavana, mkubwa wa polisi, na mtu wa kuamua nani afungue duka. Hapa ndipo maisha yake ya pili yalipoanza. Mtu aliyezoea kuuliza adui yuko wapi, sasa anaulizwa chumvi itafika lini, mitumbwi iruhusiwe kupita ao isipite, yule anayetoka porini akiwa na jani la mgomba mkononi apokewe namna gani. Ni maswali ambayo bunduki haina jibu lake. Tena mkubwa huyu hakuwa na watumishi wengi wa Leta wa kumsaidia, maana wengi wao walikuwa wamekufa.

Mwaka mmoja tu ukapita. Léopoldville, raisi Kasa-Vubu na Tshombe walikuwa wakivutana, na usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 mwezi wa 11 mwaka wa 1965 makomanda wakubwa wa jeshi wakakutana na kuamua kuwaondoa wanasiasa. Mobutu akawa raisi, na waziri wa kwanza akawa Mulamba. Kwa nini yeye? Tunavyoona sisi, Mobutu alihitaji jina safi. Yeye mwenyewe watu walimkumbuka kwa mambo ya mwaka wa 1960 na kifo cha Lumumba, hasa huku kwetu ambako Lumumba alikuwa mtoto wa nyumbani. Mulamba alikuwa shujaa wa Bukavu, na hakuwa na chama. Serikali yake ilichagua waziri kutoka kila jimbo, na yalikuwa majimbo 21 wakati ule, ili asiwepo wa kulalamika. Bunge likampokea vizuri.

Kumbe kiti kile kilikuwa na miguu mifupi. Mwezi wa 3 mwaka wa 1966 Mobutu alilinyang'anya bunge uwezo wa kutunga sheria. Mwezi wa 4 majimbo 21 yakafanywa 12. Tarehe 2 mwezi wa 6, watu wanne waliokuwa wakubwa wa inchi, mmoja wao Evariste Kimba aliyekuwa waziri wa kwanza kabla tu ya Mulamba, walinyongwa hadharani Léopoldville mbele ya umati mkubwa. Mwenye kukalia kiti cha Kimba wakati ule alikuwa Mulamba. Alijisikia namna gani siku ile? Kila mmoja ajaze mwenyewe.

Siku tano nyuma ya kunyongwa kule, tarehe 7 mwezi wa 6, ikatoka sheria ambayo mchimbaji yeyote anapaswa kuijua, hata kama hajui nani alikuwa waziri wa kwanza. Ni sheria ya Bakajika, jina la mbunge aliyeileta. Wakati wa Wabelgiji, kampuni kubwa zilikuwa zimepewa mapande makubwa ya inchi, na ndani ya mapande yale ni zenyewe zilizogawa haki za udongo na za madini, kama vile zingekuwa Leta. Sheria ya Bakajika ilirudisha yote mikononi mwa Leta: udongo, pori, na madini yaliyo chini. Kwa upande mmoja ilikuwa furaha, maana Union Minière haikuwa tena serikali ndani ya serikali, na mwisho wa mwaka uleule mali yake ya Katanga ikachukuliwa na ikawa Gécomin, mama wa Gécamines. Kwa upande wa pili, tangu siku ile mkulima wa Yanonge ao wa Bafwasende anaweza kulima shamba la babu yake maisha yote, lakini mtoto wake akichota mchanga na kuona kinachong'aa, kile kinachong'aa si cha babu tena. Ni cha Leta. Sheria zilizofuata hazikubadili neno lile. Mengi ya ugomvi wa kariere leo, kati ya wenye udongo, wenye permi na wale wakubwa wa mashimo tunaowaita PDG, yana mzizi wake pale.

Turudi Kisangani, maana mji ulikuwa umekwisha kubadilishwa jina mwaka ule. Mwezi wa 7 wa mwaka wa 1966, askari Wakatanga waliokuwa hapa wakaasi. Walikuwa karibu elfu mbili, majendarme wa zamani wa Tshombe, walioletwa kupigana na Wasimba. Walikuwa na miezi ya mshahara isiyolipwa, na waliogopa kwamba sasa Tshombe ameondoka na wao watavunjwa. Komanda wao wa waasi alikuwa kanali Tshipola. Saa za kwanza waliua kanali Tshatshi, mkubwa wa jeshi mjini. Jina la kambi kubwa ya Kinshasa, Camp Tshatshi, linatoka kwa mtu yule aliyekufa Kisangani.

Mulamba, waziri wa kwanza, hakubaki ofisini. Alikuja Kisangani na kusema na waasi. Alijua mji huu, alijua kilichoupata mwaka wa 1964 wakati majeshi mawili yalipougombania, na alijua kwamba askari asiyelipwa hula kwa raia. Tunafikiri hesabu yake ilikuwa hii: kuwalipa na kuwaondoa watu elfu mbili wenye silaha kuna bei ndogo kuliko kuwapiga ndani ya mji. Wenzake walihesabu kwa namna nyingine. Kwao, kuongea na mtu aliyeua kanali ni kuwafundisha wengine waue kanali. Na hawa nao hawakuwa wajinga. Yeyote aliyekaa karibu na barieri ya watu wenye bunduki anajua kwamba ukimlipa leo, kesho atakuwa hapohapo.

Mazungumzo yakavutwa majuma na majuma. Mwezi wa 9, serikali ikawaachilia mamluki wa Bob Denard wawapige Wakatanga. Wakapigwa na kutawanyika, wengi wakafa njiani wakijaribu kurudi Katanga kwa miguu. Tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka wa 1966 Mobutu akamwondoa Mulamba. Ilisemwa kwamba alikuwa mlegevu mbele ya waasi wa Kisangani. Na hakuwekwa mwingine mahali pake: kazi yenyewe ya waziri wa kwanza ikafutwa, na inchi ikakaa karibu miaka 11 bila mtu wa kiti kile, mpaka mwaka wa 1977. Hilo linatuambia kitu. Kama kosa lilikuwa la Mulamba peke yake, ingetosha kubadilisha mtu. Ukiondoa kiti chenyewe, shida yako haikuwa mtu tu.

Mwaka haukupita. Tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka wa 1967, mamluki walewale waliotumiwa kumaliza uasi wa kwanza wakaasi wao wenyewe, Kisangani hapahapa, wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme na Denard. Wakashika Bukavu, mji wa ushujaa wa Mulamba, mpaka mwezi wa 11. Kisangani ikazika tena watu. Hatusemi kwamba maneno ya Mulamba yangeokoa mji. Lakini njia ya nguvu nayo ilijaribiwa, na matunda yake yako kwenye makaburi.

Tukirudi kwenye swali la bandari, jibu letu ni kwamba mambo mawili yanategemea mahali pawili. Mamlaka ya askari mwenye ofisi yanatoka kwa yule aliyemweka, si kwa watu anaowaongoza. Mulamba alipendwa Bukavu na Kisangani, na mapenzi yale hayakumsaidia hata siku moja. Gavana jenerali wa leo vilevile: anawekwa na raisi kwa ordonansi, anaondolewa kwa ordonansi. Goma waliona hivyo mwaka wa 2023, wakati gavana wao wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, alipoitwa Kinshasa nyuma ya mauaji ya tarehe 30 mwezi wa 8, na hakurudi kwenye kiti chake.

Jambo la pili ni la shimo. Hata pale penye état de siège, sheria ya mines haikulala. Ile ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, katika kipengele cha 27 inakataza mwanajeshi, polisi, mtu wa usalama, jaji na mtumishi wa Leta kuomba haki ya mine kwa jina lake. Nyota za mabegani hazifuti kipengele kile. Kwa hiyo, kijana wa Yanonge aliyeko Mongbwalu, akiambiwa kwamba shimo lile ni la komanda fulani, ajue kwamba maneno hayo hayana karatasi nyuma yake. Asiende kubishana peke yake mbele ya bunduki, hilo hatumshauri. Lakini karti yake ya mchimbaji aiweke mahali pakavu, na kila anacholipa, kwa nani na siku gani, akiandike.

Mulamba mwenyewe hakufungwa wala hakuuawa, na kwa wakati ule si jambo dogo. Alitumwa mbali, kuwa balozi: India, kisha Japan, kisha Brazil, miaka zaidi ya kumi. Jina la Léonard likafutwa wakati wa authenticité, akawa Mulamba Nyunyi wa Kadima. Alifariki mwaka wa 1986.